Neno Lako Linatosha

Mama Sahani hakuwa amezaa hata mtoto mmoja. Jina hilo alibandikwa na wapangaji wenzake, tangu siku zile alipoanza kupokea maboksi ya vyombo kutoka kwenye gari la mizigo na kuyaingiza ndani moja moja, ameyakumbatia kifuani na kuyabana kwa kidevu. "Mama, leo umejifungua wangapi?" walimtania kutoka barazani. "Sita, pamoja na visahani vyao," aliwajibu bila kugeuza shingo. Utani ukaota mizizi, jina likaganda, na baada ya mwaka mmoja hata mwenye nyumba alimwandikia risiti ya kodi kwa jina hilo.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na aliuza vyombo vya mezani kwa njia ya simu: vikombe, sahani, mabirika, mabakuli, chupa za chai. Mteja aliona picha, akabonyeza, akalipa, na kesho yake mzigo ukapanda basi. Duka lenyewe lilikuwa vyumba viwili vya chini. Cha mbele kilijaa rafu mpaka darini. Cha nyuma kilikuwa na kitanda, na kitanda chenyewe kilisimama juu ya maboksi ya mabakuli, kiasi kwamba akijigeuza usingizini aliisikia biashara yake ikigongana chini yake.

Aliyemsaidia kufungasha ni Mama Pacha, jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke wa makamo mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kutwa alikunja magazeti, akaviringisha vikombe, akazungusha selotepu na kuikata kwa meno, huku akitoa hukumu juu ya kila kilichopita mbele yake.

Na vilipita vingi, kwa sababu kuuza hakukuwa na taabu. Taabu ilianza baada ya kuuza, mteja anaposema: rudisha pesa yangu. Kuna bwana aliyerudisha chupa ya chai baada ya miezi kumi na minne, akidai haitunzi joto. Mama Pacha alipoigeuza akakuta kifuniko ni cha chupa nyingine kabisa. Kuna mama aliyeagiza sahani sitini siku ya Alhamisi, Jumatatu akazirejesha eti rangi siyo aliyoiona pichani, na nyuma ya mojawapo kulikuwa kumegandia kipande cha keki ya harusi. Mwingine alituma picha ya bakuli lililopasuka katikati, akasahau kuondoa nyundo pembeni.

Mwaka wa kwanza Mama Sahani aliwaamini wote, na wote wakamla. Mwaka wa pili akaandika masharti: picha ya boksi kabla halijafunguliwa; picha ya kilichovunjika, kando yake karatasi yenye namba ya oda; na vipande virudishwe. Akajifunza kuikuza picha kwa vidole viwili na kutazama namna ufa ulivyokwenda. Chombo kilichovunjikia safarini hupasukia ubavuni, na chenzake kilichokaa nacho hubaki na alama. Kilichovunjwa makusudi huvunjika vizuri mno.

"Bila picha hakuna kesi," ndivyo alivyowajibu. Kigoda alichokalia bosi wake, Mama Pacha alikiita kiti cha hakimu.

"Iko siku utamtaka na Mungu picha," alimwambia.

"Akidai arudishiwe pesa, nitamtaka."

Wakacheka. Biashara ilikuwa imesimama, na wadanganyifu walipungua kama nzi waliofunikiwa chakula.

Ilikuwa mchana wa Jumatano dai moja lilipoingia kutoka kwa mteja aliyejiita Jirani Mwema. Aliagiza vikombe sita vyeupe vyenye mstari wa buluu mdomoni, vikapelekwa kwenye kioski cha kuchukulia mizigo katika mji mmoja wa mbali, mwendo wa saa nane kwa basi. Sasa aliandika: "Vyote sita vimefika vimevunjika. Naomba pesa yangu." Picha alikuwa ameambatanisha, pamoja na karatasi yenye namba ya oda, kama sheria ilivyotaka.

Mama Sahani alikuza picha. Haikumchukua muda. Vikombe sita vimevunjika, na kila kimoja kimevunjika kivyake, kimepigwa pigo moja tumboni. Lakini boksi lililoonekana nyuma halikuwa na hata kona iliyobonyea. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, na kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kukataa.

Hapo ndipo alipoiona sakafu.

Vipande vya vikombe vilikuwa vimemwagwa juu ya vigae. Kimoja kilikuwa cha kijani, pembe yake imemeguka. Kando yake kulikuwa na cheupe chenye ua la waridi lililokatwa nusu. Kisha cha kahawia, kisha cha buluu ya bahari kilichowekwa mshazari kuziba pengo, kisha kingine chenye nusu ya waridi, lakini nusu ileile, si ile ya kukamilisha mwenzake.

Kidole kilibaki hewani. Sakafu kama ile haikuwa na pacha duniani. Baba yake alikuwa fundi vigae. Miaka ishirini aliwatandikia watu sakafu za kung'aa, na kila kazi ilipokwisha aliomba mabaki, akayaleta nyumbani kwenye ndoo, mawili leo, matatu mwezi ujao, mpaka jiko lake likaenea. Mama Sahani alijifunza kuhesabu juu ya vigae vile. Katika nyumba ile sasa aliishi dada yake, na mume wa dada yake.

"Umekataa?" Mama Pacha aliuliza kutoka kwenye magazeti yake.

"Bado."

"Mbona umekauka hivyo? Kuna nyundo tena?"

"Hakuna nyundo," alisema.

Sasa inafaa ijulikane dada huyo alikuwa nani. Mama yao alifariki Mama Sahani akiwa na miaka minne, na Dada akiwa na kumi na mitano. Dada aliacha shule bila kuambiwa na mtu. Alimfunga kitinda viatu, alimsuka, alimpeleka kliniki mgongoni, akasimama foleni ya kumwandikisha darasa la kwanza na kujibu "mimi" walipouliza mzazi ni nani. Alimwita Kitinda, na hakumwita jina jingine, hata siku ya mahafali yake mbele ya watu, binti wa watu akatamani ardhi ipasuke. Dada hakujaliwa mtoto katika ndoa yake. Hakuwahi kulalamika. "Wangu nilishamlea," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mvunjiko ulikuja baba alipougua. Baba alibaki kwa Dada, kama ilivyotazamiwa; Mama Sahani alikuwa mbali, duka lake likitambaa. Mara tatu katika miezi mitano Dada alipiga simu: "Baba amezidiwa, Kitinda. Njoo." Mara tatu alifunga duka, akapanda basi, na mara tatu alimkuta baba ameketi kitini, amevaa shati safi, anamuuliza habari za mauzo na kumtania kwamba amenenepa. Mara ya tatu alirudi na hasira ambayo hakuisema. Wateja walikuwa wamemkimbia. Moyoni aliwaza kwamba Dada amechoka kuuguza, na kwamba anakuza mambo.

Simu ya nne ilipokuja, alikuwa na dai la sahani thelathini mezani na mteja anamtukana.

"Baba amezidiwa," Dada alisema. "Safari hii siyo kama zile."

Naye akajibu. Ulimi hauna mfupa, na wake siku hiyo ulikuwa umezoea kazi. "Nitumie picha," alisema. "Nimwone alivyo, ndiyo nijue."

Alisikia maji yakichemka jikoni kwa Dada.

"Sawa," Dada alisema, akakata.

Picha haikuja, naye akajiambia: naam, ningejua. Siku mbili baadaye, asubuhi, aliyepiga simu alikuwa shemeji, na shemeji hakuwa mtu wa kupiga simu. Mama Sahani alifika wakati wa kuzika. Watu walipotawanyika, Dada alipita kwenye mstari wa wageni akishika mkono wa kila mmoja, na alipofika kwake aliushika vilevile, kwa uzito uleule, akasema, "Asante kwa kuja."

Ilikuwa imepita miaka mitatu. Siku chache baada ya maziko alimpigia simu mara kadhaa, ikaita mpaka ikakatika, kisha hakupiga tena. Duka lilikuwa limebadilisha jina mara mbili tangu hapo na sasa liliitwa Meza Njema. Hakudhani kwamba Dada, mwenye simu ya kubonyeza vitufe, angeweza hata kulifikia, sembuse kulitambua. Kwa hiyo aliposhika simu siku ile ya Jumatano aliona jambo moja tu, na aliliona kwa uhakika wote wa hakimu: Dada ameishiwa. Dada yake, ambaye katika maisha yake hakuomba hata chumvi kwa jirani, amefikia kununua vikombe kwa jina la uongo na kuvivunja ili arudishiwe. Na hajui anamdanganya nani.

Alibonyeza kukubali. Kisha akaandika: "Pole sana, dada. Pesa yako inarudi leo. Tunakutumia vikombe vingine sita, bila malipo."

Mama Pacha alipoletewa oda ya kufungasha aliisoma mara mbili. "Bosi, una homa?"

"Funga tu."

"Huyu amekuibia mchana kweupe, nawe unamwongezea nauli ya kukimbilia?"

"Nimesema funga, Mama Pacha. Na weka magazeti ya kutosha."

Wiki mbili baadaye Jirani Mwema aliagiza birika. Dai likaja siku ileile lilipopokelewa: mdomo wa birika umevunjika. Picha, karatasi ya namba, na chini yake vigae. Mama Sahani safari hii aliitazama picha kwa muda mrefu, lakini birika hakulitazama. Alitafuta chochote: ncha ya kanga, kivuli, kidole cha mguu. Pembeni kabisa aliona mguu wa kiti cha baba.

Alikubali. Kisha, kwa kuwa anayemwandikia hakumjua, na kwa kuwa duka halina uso, aliandika jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuweza kuliandika. "Tunaomba radhi, dada. Hatukukutendea ulivyostahili, na si mara hii tu. Tulipaswa kukuamini tangu mwanzo. Tusamehe."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Nyie ni nani mnaoomba msamaha hivi kwa birika?"

"Ni duka tu," aliandika. "Lakini tuna kosa."

Jioni ile Mama Sahani alipika, akala akashiba, akaimba akiosha sufuria, na Mama Pacha akateremka kuuliza kama amechumbiwa.

Ni vigumu kumlaumu kwa furaha ile. Aliona amepata mlango wa uani. Angemsaidia Dada bila Dada kushika aibu, na angemwomba radhi bila Dada kuwa na nafasi ya kuikataa. Alianza hata kupanga: akiagiza tena atamwekea na mabakuli, atasema ni zawadi ya wateja wa zamani. Hakujiuliza kwa nini mwanamke aliyeishiwa anunue birika.

Dai la tatu lilikuwa la sahani nne. "Zimevunjika," Jirani Mwema aliandika. "Picha sina. Kamera ya simu imeharibika. Mtaniamini?"

Mama Sahani hakusita hata kidogo. Aliandika kwa moyo uliojaa, kama mtu anayekata kamba iliyomkaba muda mrefu: "Hatuhitaji picha. Neno lako linatosha."

Akatuma. Akasubiri. Usiku ukapita. Asubuhi, akiwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, jibu liliingia, neno moja.

"Sawa."

Alipojaribu kujibu, akaunti ilikuwa imefungwa.

Alikaa kwenye kigoda na povu la mswaki likimtiririka kidevuni. Dada alikuwa na "sawa" za namna mbili. Moja alivuta mwisho wake, akaicheka kidogo, na maana yake ni sawa. Nyingine ilikuwa fupi kama mlango uliofungwa kwa goti, na Mama Sahani alikuwa ameisikia mara moja tu maishani. Haikuhitaji sauti. Aliisikia pale pale kwenye kioo cha simu, na yote yakampambazukia kwa pamoja. Dada alijua duka ni la nani. Alijua tangu kikombe cha kwanza. Hakuwa akitafuta pesa. Alikuwa anatafuta kujua mgeni asiye na jina anapimwaje kwenye mizani ya mdogo wake. Na amejibiwa. Mgeni aliyeleta uongo mara tatu ameombwa radhi, amepewa zawadi, ameambiwa neno lake linatosha. Yeye aliyemlea alileta ukweli, akaambiwa atume picha.

"Mama Pacha," aliita, "shika duka. Nasafiri."

"Leo? Na madai haya nani atayaamua?"

"Yaache yalale."

Alipiga simu ya Dada mara nne akiwa njiani kuelekea stendi, ikaita mpaka ikakatika. Basi lilimshusha saa kumi jioni, na alitembea ile njia ya nyuma ya shule mpaka kwenye nyumba. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Dada alikuwa ameketi anachambua mchele kwenye ungo, amepungua kidogo, mvi zimemshukia mpaka masikioni.

"Shikamoo, Dada."

Dada aliinua macho. Hakushtuka. "Marahaba. Ingia, usisimame juani."

Shemeji alikuwa nje ya dirisha akirekebisha baiskeli. Alimsalimu mgeni, akaangalia nyuso zile mbili, akakumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kuonana naye mtaa wa tatu.

Mama Sahani hakukaa. "Nilijua ni wewe," alisema. Maneno aliyoyapanga saa nane nzima kwenye basi yalikuwa yamemtoka. "Wallahi, Dada, nilijua tangu mwanzo. Niliiona sakafu. Nilikubali kwa sababu ni wewe. Ule msamaha ulikuwa wako. Nilipokuandikia neno lako linatosha, nilikuwa nakwambia wewe, siyo mteja."

Dada alipepeta ungo mara mbili, akapuliza makapi. "Una lolote la kuonyesha kwamba ulijua?"

Mama Sahani hakuwa na kitu. Hakumwambia mtu, hakuandika popote ila ile "dada" ambayo kila duka humwandikia mteja. Hata Mama Pacha hakumweleza.

"Sina," alisema.

"Basi ndivyo ilivyo kukosa cha kuonyesha," Dada alisema, bila ukali. Akaweka ungo chini, akaenda kabatini, akarudi na bahasha. "Pesa zako, zote. Na vile vikombe ulivyoleta badala ya vya kwanza viko pale juu, sijavigusa. Mimi sina shida ya pesa. Shemeji yako anafanya kazi."

"Dada…"

"Nilivivunja kwa mchi. Kimoja kimoja. Nilivionea huruma, maana ni vizuri kweli, una jicho zuri la vyombo. Binti wa jirani ndiye aliyenionyesha hilo duka, akaniazima na simu. Mikono iliyoshika vyombo kwenye picha za duka niliitambua. Mikono nimeiosha mimi, nisiitambue? Nikajiambia, ngoja nimwone anavyofanya kazi. Huenda ndivyo alivyo kwa watu wote. Ungenikataa ningefurahi, Kitinda. Ungekataa vile vikombe ningesema: ndivyo alivyo, haamini mtu, hakunibagua mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuitwa jina hilo, na ilikuwa pia mara ya mwisho. Hapo hakujua. Alikaa chini, pale pale kwenye vigae.

"Zile safari tatu," alisema. "Nilimkuta ameketi. Nilidhani…"

"Najua ulichodhani." Dada alirudi kwenye kiti chake. Akaanza kusimulia, na alisimulia kama mtu anayeteremsha mzigo mzito, polepole, asiubwage. "Akisikia unakuja, alikuwa anaamka. Siku mbili hajala, hajitambui, namwambia Kitinda yuko kwenye basi, anasema, niinue nisimame. Anaoga. Anataka shati. Mimi na shemeji yako tunamshika huku na huku tunamketisha kitini kabla hujafika mlangoni. Ukiondoka, analala siku nne hafumbui macho. Mara zote tatu. Alinikataza kukwambia. Alisema, mwache mtoto na duka lake, asije akakaa hapa kunitazama nikifa."

Mama Sahani alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya vigae.

"Na ile picha nilipiga," Dada aliendelea. "Usifikiri nilisusa. Nilimwambia, baba, Kitinda anataka kukuona. Akasema, nikiwa hivi? Akataka wembe. Nikamnyoa. Akataka lile shati la buluu, akataka mto mgongoni. Nikapiga. Nikaitazama." Alitoa simu yake mfukoni, ile ya vitufe yenye kioo kidogo kama kibiriti, akabonyeza kwa muda, akamnyooshea. "Hiyo ndiyo ningekutumia."

Mama Sahani aliishika kwa mikono miwili. Baba alikuwa anacheka. Kidevu kimenyolewa, kola imenyooshwa, jicho moja limefinywa kidogo kama alivyofanya akitaka kutania. Hakuna mtu duniani ambaye angeitazama picha ile akasema huyu ana siku mbili.

"Ningeituma, ungekuja?" Dada aliuliza.

Kulikuwa na majibu mengi ya kutuliza. Dada alimtazama usoni akayasubiri yote.

"Nisingekuja," Mama Sahani alisema. "Ningesema umekuza mambo tena."

Dada akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyesomewa hesabu ikawa ileile aliyoipiga mwenyewe. Hapo machozi yakamshinda Mama Sahani. Alilia kwa sauti, ameinama, kipaji cha uso wake karibu kiguse sakafu, na Dada hakuja kumshika, wala hakuondoka. Alikaa palepale, mikono mapajani, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Aliniulizia?" Mama Sahani alisema mwishowe. "Mwisho wake, nieleze."

Naye akamweleza. Alimweleza zile siku mbili saa kwa saa: alichokunywa, alichokataa, jina la mama yao alilolitaja alfajiri, namna pumzi ilivyobadilika, kwamba mara moja aliuliza kama basi limefika, na Dada akamjibu limefika. Mama Sahani alitamani kuziba masikio, lakini hakuziba. Aliona kwamba hilo angalau anadaiwa, kusikia mpaka mwisho. Picha ile hakuthubutu kuiomba.

Wakala chakula cha jioni watatu pamoja, na shemeji akazungumza peke yake habari za baiskeli na bei ya spoku. Dada alimtandikia mgeni shuka safi, lile la kuwekwa kando kwa ajili ya wageni. Asubuhi alimsindikiza mpaka stendi, akambebea mkoba, akakagua kama tiketi ina namba ya kiti.

"Nije lini tena, Dada?"

"Tutaongea kwenye simu," Dada alisema. "Nitakuwa napokea."

Alitimiza. Tangu hapo huongea kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, dakika tano, sita ikizidi. Huulizana afya, huulizana mvua. Shemeji alivunjika kidole, kikapona. Binti wa jirani ameolewa. Dada humwita Mama Sahani, kama wapangaji wenzake wanavyomwita, kwa upole, na Mama Sahani huitika. Baba hatajwi. Kila akijaribu kugusia safari, Dada husema msimu huu wana shughuli, labda ujao, na misimu imeshapita minne.

Kazini, Mama Pacha alishangaa kwamba bosi wake hakugeuka mlegevu wala hakuzidi ukali. Wadanganyifu bado huja, na bado huwakataa. Lakini kukuza picha ameacha. Kazi hiyo amempa Mama Pacha, ambaye huifanya kwa furaha kubwa na kelele nyingi. Mama Sahani mwenyewe huwapigia wateja simu, akawauliza kilichotokea, kisha akanyamaza awasikilize wanavyokieleza. Wengine hukasirika. Wengine hueleza mpaka mambo yasiyohusu vyombo, na simu huchukua muda mrefu, na maboksi hurundikana mlangoni.

Jumapili iliyopita Dada alikuwa na haraka. Walikuwa wanaezeka upya upande wa jiko, mafundi wako juu, na sauti yake ilikatikakatika kwa kishindo cha nyundo. "Nitakupigia baadaye," alisema. Mama Sahani akaiweka simu kwenye rafu, kati ya mabirika, kioo kikitazama juu, akaendelea kupanga vikombe huku akiitupia jicho. Saa kumi na moja aliiweka kwenye chaji.